Njia Yetu ya Cihembe

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Barua imefika. Gaston, katibu wetu, aliileta mwenyewe, bado amevaa koti jeupe la duka lake la dawa, akaisoma mlangoni kabla hata ya kuketi. Jimbo limekubali kutupa ruzuku ya njia za matembezi. Sehemu ya kwanza ni ya kujenga. Sehemu ya pili ni ya kuitunza njia kwa miaka miwili, ila hiyo itatoka tu kama tutakuwa tumemaliza na kukaguliwa kabla ya tarehe 15 Desemba. Vyama vitatu tu vya mjini vimepata, na chetu ni kimojawapo.

Sisi ni watu arobaini na kitu, wengi tumepita miaka hamsini: wenye sukari, wenye presha, wenye magoti. Kila Jumamosi asubuhi tunatembea kwenye lami kutoka Nguba hadi Panzi, na pikipiki zinatupita karibu na viwiko. Mwaka jana moja ilimgonga Fanny, mwenzetu, akavunjika mkono. Siku ile nilisema tutafute njia isiyo na magari, wakasema basi Eulalie awe mwenyekiti, kwa sababu nilikuwa nimesema.

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Ramani niliichora mwenyewe, kwenye meza hii, kwa kalamu nyekundu: kutoka nyumba za mwisho juu ya barabara ya Nyangezi, moja kwa moja hadi kilele cha Cihembe, mahali ambapo ziwa linaonekana lote. Kilomita moja na mita mia tisa. Nadhani ramani ndiyo iliyotupatia ruzuku.

Mélanie, mdogo wangu ninayeishi naye, ambaye huniita Yaya, dada mkubwa, aliacha cherehani akaja kunikumbatia. “Yaya, sasa utatembea mpaka uchoke.”

Nimeweka kopo la maziwa uani, juu ya tofali, na rula kando yake. Mvua za msimu huu nitazipima kila asubuhi, kama nilivyokuwa nikifanya na wanafunzi.

Jumamosi, 10 Septemba

Salongo ya kwanza, kazi ya pamoja ya kujitolea. Badala ya kutembea, tulipanda Cihembe na majembe. Wakazi wa chini ya kilima nao walikuja, labda thelathini, wengine kufanya kazi, wengine kututazama.

Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, alitupatia kapita wa kuongoza vibarua: anaitwa Philémon, mtu wa Mwenga, amechimba dhahabu miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Mfupi, mikono mikubwa, haongei haraka. Nyumba ya mwisho kabisa, ile inayopakana na mwanzo wa njia, ni ya mjane mmoja, Maman Agnès. Anaishi na mjukuu wake wa miaka mitatu. Alikubali tupite kwenye ukingo wa shamba lake la maharage bila kuomba kitu. Alisema tu, “Mupite polepole, madame, iko na maua.”

Philémon alishika ramani yangu kwa muda mrefu.

“Madame, nani njo alichoraka iyi mustari?”

“Ni mimi.”

“Ulifikaka hapa mvula ikiwa inanyesha?”

“Nimefika mara nyingi. Kiangazi.”

Aliikunja ramani vizuri akanirudishia. “Maji itapenda iyi njia mbele ya batu kuipenda,” alisema.

Gaston alicheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Jumanne, 13 Septemba

Kopo kavu.

Alhamisi, 15 Septemba

Philémon alinisubiri kilimani na fito tatu alizozifunga kama herufi A, uzi umening'inia katikati na jiwe mwishoni mwake. Anasema kwa chombo hicho anaweza kuipeleka njia kwa mteremko mdogo, ikizunguka na kupinda kama ng'ombe wanavyopanda. Nilimweleza kwamba ramani imekubaliwa na jimbo, imepigwa muhuri, na kwamba kuibadilisha kunataka kibali kwa maandishi. Tena njia ikizunguka itakuwa ndefu mara mbili, na Desemba haitatungoja.

“Sawa, madame,” alisema, akaziweka fito zake chini ya mkaratusi.

Ni mtu anayependa kubishana. Nimeshawahi kuwa na wanafunzi wa namna hiyo, hukaa nyuma ya darasa.

Alhamisi, 22 Septemba

Milimita 9. Kazi inakwenda vizuri. Mita mia nne.

Jumamosi, 1 Oktoba

Leo tumetembea kwa mara ya kwanza kwenye njia yetu, mita mia sita. Walikuja watu sitini, wanachama na wageni, hata wale ambao hatukuwa tumewaona tangu Pasaka. Njia imenyooka kama mstari wa rula. Fanny aliinua mkono wake uliovunjika, akasema hapa hata akifumba macho hakuna wa kumgonga. Gaston alipiga picha nyingi za kutia kwenye ripoti. Niliona fahari na sioni aibu kuiandika.

Ijumaa, 7 Oktoba

Milimita 22. Philémon alinionyesha mkwaruzo katikati ya njia, upana wa kidole, unashuka bila kupinda tangu juu hadi chini. Nikamwambia aujaze udongo na aushindilie.

Jumapili, 9 Oktoba

Milimita 14. Mkwaruzo umerudi, sasa ni upana wa mkono. Wameujaza tena.

Jumanne, 11 Oktoba

Milimita 17. Wameujaza tena.

Alhamisi, 13 Oktoba

Maman Agnès amekuja hapa nyumbani. Alitembea kutoka Cihembe hadi Nguba, mjukuu mgongoni, akabisha hodi wakati nakunywa chai. Alileta fungu la majani ya maharage. Alikaa pembeni ya kiti, kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

“Madame, maji inaingia kwangu. Zamani ilikuwaka inapitia kule kwa mikaratusi. Sasa inashuka na njia, inakuya mu lupango, mu kiwanja yangu.”

“Nyingi?”

“Bado haiko mingi. Lakini inajua fasi ya kupita sasa.”

Nilimwambia tutakwenda kuangalia Jumamosi. Nilimpa sukari kidogo ya mtoto. Alipoondoka nilimwambia Mélanie kwamba bila shaka anatafuta fidia, kwa kuwa ameona jimbo limetoa ruzuku. Mélanie aliendelea kushona.

Jumamosi, 15 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Sikuenda.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Leo mvua ilianza kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa ile ya Oktoba ninayoijua, yenye matone mazito, inayofuta mlima wa ng'ambo kwanza, kisha ziwa, kisha nyumba ya jirani. Nilisimama dirishani nikiliangalia kopo. Saa saba na nusu simu ililia. Alikuwa Philémon, sauti yake inakatika katika maji.

“Madame, kuya.”

Hakusema zaidi ya hapo. Nilipata teksi moja tu iliyokubali kwenda, nayo ikaniacha kwenye lami kwa sababu barabara ya udongo ilikuwa imegeuka mto. Nilipanda kwa miguu, nimeshikilia uzio wa watu.

Njia yetu haikuwepo. Mahali ilipokuwa palikuwa na mfereji mwekundu unaonifika kiunoni, maji yanashuka ndani yake kwa sauti ya lori, yanabeba mawe ya ukubwa wa sufuria. Yalishuka kwa unyofu ule ule niliouchora. Mwisho wa mstari wangu palikuwa na uwanja wa Maman Agnès.

Jiko lake limekwenda. Ukuta ulianguka wote kwa pamoja, na tope likajaa mpaka kwenye paa. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya jiko. Nyumba yenyewe imesimama, na imesimama kwa sababu moja. Philémon alikuwa amekwenda pale mvua ilipoanza tu, bila kuitwa na mtu. Aliwatoa Agnès na mtoto, akawapeleka kwa jirani. Kisha yeye na vibarua wanne wakapanda ndani ya mvua ile, wakaikata njia kwa mshazari, hatua thelathini juu ya nyumba, wakafungua ukingo ili maji yaende kwenye mikaratusi. Waliikata njia yangu kwa majembe, na maji yakawatii.

Nilimkuta Agnès kwa jirani, amefunikwa kitenge kikavu, mtoto amelala mapajani mwake. Mimi nilikuwa nachuruzika maji mlangoni. Nilisema, “Mvua ilikuwa kali sana.”

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

“Ndiyo, madame. Ilikuwa kali.”

Kopo: milimita 64.

Jumanne, 18 Oktoba

Kamati ilikutana kwangu. Gaston alikuja na rasimu ya barua kwa ofisi ya jimbo, imeandikwa vizuri. Inasema mvua isiyo ya kawaida imeharibu sehemu ya kazi, na tunaomba siku za ziada ili kurudia njia ile ile.

“Si uongo, Présidente,” alisema. “Mvula iliangusha nyumba Kadutu, iliangusha ukuta Bagira. Muji muzima unaanguka. Nani atasema ni shiye tuliangusha?”

“Philémon alisema tangu mwanzo.”

“Philémon haiko ndani ya dosye, jina yake haiko kwa karatasi hata moja.”

Nilifikiri juu ya maneno hayo. Kisha Gaston akasema jambo la kweli pia: kwamba tukiandika tulikosea, watasema hatujui kazi, watazuia sehemu ya pili, na mwaka kesho hawatatoa tena kwa mtu yeyote hapa mjini. Watu sitini watarudi kwenye lami, kati ya pikipiki. Alinikumbusha mkono wa Fanny. Niliwaambia nitalifikiria usiku.

Walipoondoka, Mélanie alikuwa anakusanya vikombe.

“Yaya, ule mama alikuya hapa alhamisi.”

“Najua.”

“Alikaa kwa ile kiti.”

“Mélanie, najua.”

“Basi,” alisema, akapeleka vikombe jikoni.

Alhamisi, 20 Oktoba

Milimita 6.

Nimekwenda kumtafuta Philémon. Nilimkuta anasafisha mfereji aliokata. Nikamwomba anifundishe fito zake. Hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. Alikwenda chini ya mkaratusi akazichukua. Zilikuwa pale pale alipoziweka mwezi uliopita.

Unasimamisha mguu mmoja, unazungusha mwingine mpaka uzi upite kwenye alama aliyoichonga. Pale mguu unapotua unapiga kigingi. Kisha unahama. Alinipa mguu wa nyuma. Tulikwenda hivyo asubuhi nzima, hatua kwa hatua, tukizunguka tumbo la kilima, na nilipogeuka kuangalia vigingi vyetu niliona mstari ambao nisingeuchora hata siku moja. Ulikuwa mvivu. Unapanda bila mtu kujua kwamba anapanda. Magoti yangu hayakusema kitu.

Nilimuuliza alijifunza wapi.

“Kule Mwenga. Ukiwa unasafisha mchanga ya zahabu, unaleta maji toka mbali na mufereji. Ikienda mbio, inabeba zahabu na wewe. Ikienda polepole sana, inalala. Inapashwa itembee kama mutu mwenye hana haraka.” Alipiga kigingi. “Siku moja ilikuya mbio. Tulikuwa saba mu shimo. Tulitoka batano.”

Nikamwuliza kwa nini hakunisisitizia mwezi wa Septemba.

“Nilisema, madame.”

Ni kweli. Alisema mara mbili, kwa ufasaha, na mimi niliandika humu kwamba anapenda kubishana.

Jumamosi, 22 Oktoba

Milimita 3.

Salongo ya jiko. Walikuja watembeaji kumi na tisa, na viatu vyao vya michezo vyeupe, tukatoa tope kwa machepe na mabeseni. Gaston hakuja.

Kabla hatujaanza nilimwomba Maman Agnès asimame nami mahali ambapo wote wangetusikia. Nilikuwa nimetayarisha maneno usiku, lakini yalikuwa maneno ya hotuba, nikayaacha.

“Maman Agnès, hii njia niliichora mimi. Papa Philémon alinionya, sikusikia. Wewe ulikuja kwangu kunionya, nikafikiri unataka pesa. Mvua haikuleta maji kwako. Niliyaleta mimi. Naomba unisamehe.”

Agnès aliweka beseni chini, akapangusa mikono kwenye kitenge.

“Nimesikia, madame,” alisema. “Jiko ilikuwa ndogo. Tuifanye kubwa kidogo.”

Tumeifanya kubwa kidogo. Mbuzi wawili chama kimenunua, mmoja ana mimba. Kama amenisamehe, hakusema, nami sina haki ya kuuliza.

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimepeleka barua ofisini. Nimeandika kwamba njia ilichorwa vibaya, nani aliichora, nini kilitokea, na kwamba tunaomba kibali cha mstari mpya. Nimeambatisha mchoro wa vigingi na jina la Philémon. Gaston alikataa kutia sahihi kama katibu. Hakunigombeza, alisema tu hawezi kuua chama kwa kalamu yake. Nimetia sahihi peke yangu.

Mwanamke wa mapokezi alipiga muhuri bila kusoma.

Jumatano, 2 Novemba

Milimita 19. Hakuna jibu.

Jumamosi, 5 Novemba

Milimita 11. Gaston ameongoza kikundi kwenye lami, watu ishirini na tano. Nimewaona kutoka dirishani, wamepangana mmoja mmoja kando ya barabara. Sisi kumi na sita tulikwenda Cihembe kupanda nyasi za mizizi mirefu kwenye lile jeraha la kilima. Hatuwezi kuchimba njia mpya bila kibali, lakini kufunga jeraha hakuhitaji muhuri wa mtu.

Alhamisi, 10 Novemba

Milimita 27. Hakuna jibu. Nyasi zimeshika.

Jumatatu, 14 Novemba

Milimita 8. Imebaki mwezi mmoja. Nimeanza kuzoea wazo kwamba tumepoteza.

Ijumaa, 18 Novemba

Mkaguzi amekuja, bila kutuarifu. Anaitwa Josué, mtu wa miaka hamsini hivi, suti ya kijivu, viatu vya mjini, bahasha ya kaki kwapani. Philémon alinipigia simu nikamkuta mkaguzi tayari yuko kilimani, amekaa juu ya gogo, suruali ina tope hadi magotini.

“Maman Présidente,” alisema, “kwa biro yetu kuko fomu ya kulomba feza, kuko fomu ya kuongeza siku, kuko fomu ya kulalamika. Ya mutu mwenye kusema ‘nilikosa’ haiko. Barua yako ilizunguka meza ine, juu hatukujua tuiweke wapi.”

“Sasa mmeiweka wapi?”

“Kwangu.” Hakutabasamu, ila sauti yake ilikuwa ya upole. “Mimi njo niliwekaka muhuri kwa ramani yako ya kwanza. Sikukuyaka hapa hata siku moja.”

Nikaketi naye juu ya gogo lile lile. Sikutarajia kuwa na mwenzangu katika jambo hili.

Kisha alitaka kuona. Philémon alimpitisha kwenye vigingi tangu cha kwanza hadi cha mwisho, na mkaguzi akahesabu hatua kwa sauti ya chini. Maman Agnès alitoka kuangalia. Josué alimuuliza maji yalifika wapi, naye akamwonyesha alama kwenye ukuta wa nyumba, chini kidogo ya dirisha. Josué aliigusa kwa kidole, akaandika.

Hukumu yake ni hii. Mstari mpya amekubali. Ila ruzuku haiwezi kuongezeka, na njia inayozunguka ni ndefu, kwa hiyo tutaishia kwenye bega la kilima, penye mikaratusi. Hatutafika kileleni. Niliowaahidi ziwa lote wataona kipande, kati ya miti.

Na jambo la pili: hatatia sahihi sehemu ya matunzo kama matunzo yenyewe ni watu wa mjini kuja Jumamosi.

“Mvula hainyeshake siku ya posho, Jumamosi yenu, peke yake,” alisema. “Munapashwa kupata bakantonye, batu ya kutunza njia. Kila mumoja na kipande yake, alipwe, abe na jembe yake, abe anaishi hapa.”

Philémon alitazama upande mwingine. Nadhani alikuwa anacheka.

Nilikubali yote mawili. La kilele liliniuma zaidi kuliko nilivyoonyesha.

Jumatatu, 21 Novemba

Milimita 12. Tumeanza. Vibarua kumi na wawili.

Jumamosi, 26 Novemba

Milimita 30, na hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nilitembea mstari wote nimeinama, nautafuta.

Saa tatu hivi nilimwona Gaston anapanda, chepe begani, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Alipita karibu nami. “Bonjour, Présidente.” Akaenda kwenye kona ya pili, akaanza kuchimba mahali alipoonyeshwa na Philémon. Alichimba mpaka saa saba. Ana malengelenge mikononi, Fanny ndiye aliyemfunga bandeji. Hatujaongea juu ya barua. Kumwona pale kumenitosha.

Jumapili, 4 Desemba

Milimita 16. Kona tano zimekwisha. Zimebaki mbili.

Ijumaa, 9 Desemba

Mvua imetuzuia siku mbili. Philémon hana wasiwasi. Mimi ninao wa watu wawili.

Jumatatu, 12 Desemba

Milimita 5. Gogo la mwisho la kutoa maji njiani limewekwa.

Jumatano, 14 Desemba

Ukaguzi, siku moja kabla ya mwisho. Josué alikuja na mwenzake mmoja wa ofisi na jerikani mbili za maji. Alitaka kuyamwaga juu ya njia ili aone yanaelekea wapi. Philémon aliangalia upande wa ziwa.

“Chef, usichokeshe mikono. Ngoja kidogo.”

Tulingoja. Mvua ilitoka ng'ambo, ikavuka maji, ikatufikia. Tulisimama kwenye kona ya tatu, watu saba chini ya miavuli mitatu, tukatazama. Maji yalianguka kwenye njia, yakatembea kidogo, yakakuta mfereji wa kwanza wa magogo, yakatoka kwenda kwenye majani. Mengine yalianguka chini zaidi, yakakuta wa pili, yakatoka. Hakuna mahali yalipopata nafasi ya kukimbia. Josué aliwaangalia Philémon na Agnès, kisha akamwomba mwenzake amgeuzie mgongo, akaweka karatasi juu yake akatia sahihi, wino ukivuja kidogo.

Nilifundisha mmomonyoko wa udongo kwa miaka thelathini na mmoja. Niliuchora ubaoni kwa chaki ya rangi. Leo nimeuona hautokei.

Jumanne, 20 Desemba

Milimita 10.

Kantonye wamechaguliwa: saba, kila mmoja na kipande chake, wote wa nyumba za chini ya kilima. Nilipendekeza Philémon awasimamie, akakataa, anarudi Mwenga kula Noeli na mama yake, na hajui atarudi lini.

“Wewe njo ulijua kila kitu,” nilimwambia.

“Sasa banajua,” alisema. “Maman Agnès anajua kunishinda. Yee iko hapa.”

Agnès amepewa kipande cha kwanza, kutoka nyumbani kwake hadi kona ya pili, na wenzake wamemweka yeye kuwa mkubwa wao: akisema njia ifungwe, inafungwa. Nilisoma masharti mbele yao na kila mmoja akatia kidole au sahihi. Agnès alitia sahihi, herufi kubwa, polepole.

Philémon aliondoka na mfuko mmoja. Nilimpa mkono, kisha nikaona hautoshi, nikamkumbatia. Alivumilia.

Jumapili, 25 Desemba

Noeli. Mélanie amepika sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na bugali, nimekula kupita kiasi. Sikupima mvua.

Jumamosi, 7 Januari 2023

Leo yalikuwa matembezi ya kwanza ya mwaka, yale tuliyoyatangaza kanisani na redioni. Walikuja watu sabini na wawili, nimewahesabu mwenyewe kwenye lami. Kikundi cha Gaston na changu kimekuwa kimoja tena. Fanny alileta binamu zake wanne. Jana jioni ilinyesha milimita 41, lakini asubuhi anga lilikuwa jeupe, limeoshwa, na ng'ambo ya ziwa tuliweza kuona paa za mabati.

Tulipofika mwanzo wa njia, Maman Agnès alikuwa amesimama katikati, jembe mkononi, na mti umelazwa nyuma yake kutoka ukingo hadi ukingo.

“Bonjour, maman Eulalie,” alisema. “Leo hapana. Udongo ingali mulaini. Batu sabini bakipita, kona ya pili itafunguka. Murudie mardi, kama hainyeshi.”

Nyuma yangu watu walinung'unika. Wengine walikuwa wametoka Bagira kwa miguu. Gaston aliniangalia, akingoja. Mimi ni mwenyekiti wa chama, jina langu liko kwenye kila karatasi ya njia ile, na kwa macho yangu udongo ulionekana mkavu wa kutosha. Ningeweza kuingia hatua mbili nikaukanyaga, nihakikishe.

Sikuingia.

“Mwenye njia amesema Jumanne,” niliwaambia. “Tugeuke.”

Tuligeuka wote sabini na wawili, tukashuka polepole kuelekea lami, tukiongea habari za sikukuu. Nimefika nyumbani na viatu safi.